Ulaya kwa likizo ya Machi na rafiki wa chuo: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma Marekani

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako unayesoma Marekani kwa viza ya F-1, ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, na mwenzako wa chuo amekuja na wazo: Machi twende Ulaya. Yeye ana pasipoti ya Marekani. Kwake safari ni kukata tiketi na kufunga begi. Kwako kuna viza ya kwenda, viza ya kurudi, na karatasi kadhaa katikati.

Kwa hiyo safari hii ipangwe kwa kufuata pasipoti yako, si yake. Tarehe za kuondoka, jiji mtakaloshukia, majina kwenye hosteli, hata aina ya tiketi ya ndege, vyote vianzie kwako. Mwambie mapema, bila haya. Wamarekani wengi hawajawahi kuomba viza maishani mwao, na hawajui kwamba wewe huwezi kuamua wiki moja kabla. Asipoelewa mwezi wa tisa mkiwa bwenini, hataelewa mkiwa mpakani.

Njia nitakayokuelekeza ni Paris, Brussels na Berlin, kwa treni, ndani ya siku tisa. Najua wapo wanaozunguka miji saba kwa wiki moja. Hao huona vituo vya treni saba. Miji mitatu inatosha, na miwili kati ya hii ina kitu chetu ambacho kila msomaji wa Kiswahili angepaswa kukiona kwa macho yake.

Anza na kurudi, si kwenda

Kabla ya kuangalia bei ya ndege, fungua pasipoti yako kwenye viza ya Marekani. Soma vitu viwili: tarehe ya mwisho, na sehemu ya idadi ya kuingia. Ikiwa na herufi M, unaweza kuingia mara nyingi hadi tarehe hiyo. Ikiwa ni ya kuingia mara moja na umeshaitumia, au imekwisha muda, basi ukitoka huwezi kurudi chuoni mpaka upate viza mpya. Kukaa Marekani na viza iliyokwisha si tatizo ukiwa bado mwanafunzi halali. Tatizo ni kutoka. Upo utaratibu wa kurudi na viza iliyokwisha, lakini unahusu safari fupi za Kanada na Meksiko. Ulaya haumo.

Mtanzania na Mrundi wawe waangalifu zaidi hapa. Burundi iliwekewa vizuizi vya viza za Marekani, zikiwemo za wanafunzi, Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Viza uliyopewa kabla ya hapo haikufutwa na vizuizi hivyo, lakini ikiisha ukiwa nje, kuipata nyingine ni kizingiti ambacho wiki moja ya likizo haistahili. Kama viza yako imekwisha, ushauri wangu ni mmoja: usiende Ulaya mwaka huu. Mwambie rafiki yako mwende New Orleans au Chicago, Ulaya itasubiri. Masharti haya hubadilika, hivyo kauli ya mwisho ipate kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako.

Ukienda ofisini hapo, beba I-20, fomu uliyopewa na chuo kwa ajili ya viza ya F-1. Ukurasa wa pili una sehemu ya saini ya safari, na kwa mwanafunzi anayeendelea na masomo saini hiyo hudumu mwaka mmoja. Siku utakayorudi iwe bado haijapitisha mwaka. Omba pia barua inayosema wewe ni mwanafunzi wa chuo hicho na kwamba masomo yanaendelea baada ya likizo. Barua hiyo utaitumia mara mbili: kwenye maombi ya viza ya Ulaya, na mbele ya afisa wa uhamiaji siku ya kurudi.

Chora njia kwanza, kwa sababu viza inaitegemea

Viza ya Schengen ni moja kwa nchi 29 za Ulaya, lakini haiombwi popote unapotaka. Inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, inaombwa kwa nchi utakayoingia kwanza. Watu wengi hukwama hapa: wanaomba kwa nchi yenye miadi ya karibu, ilhali hosteli zao zinaonyesha safari nyingine kabisa.

Mpango wangu unakwepa utata huo. Mnaondoka Marekani Ijumaa usiku na kufika Paris Jumamosi asubuhi. Mnalala Paris usiku nne, hadi Jumatano. Brussels usiku mbili. Ijumaa mnapanda treni kwenda Berlin, mnalala usiku mbili, na Jumapili mnaruka kurudi. Ufaransa imezidi waziwazi, basi maombi yanakwenda Ufaransa, na hakuna afisa atakayekuuliza kwa nini.

Tiketi ya ndege itafutwe ya kuingia Paris na kutoka Berlin, kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi bei yake haipishani sana na ya kwenda na kurudi jiji lilelile, na mnaokoa siku nzima ya kurudi nyuma. Epuka tiketi inayopita London, hata iwe nafuu kiasi gani. Uingereza haimo Schengen, ina masharti yake ya viza za kupita uwanja wa ndege, na raia wa nchi zetu wamo kwenye masharti hayo. Ndege ya moja kwa moja, au inayobadilishwa ndani ya Marekani, inakuondolea wasiwasi huo wote.

Viza ya Schengen: anza Septemba

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa safari ya Machi dirisha linafunguka Septemba. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kusogezwa hadi 45. Kinachochelewesha zaidi ni miadi yenyewe, kwa sababu kila mwanafunzi wa kigeni anataka Machi hiyohiyo. Kamata miadi ya Novemba au Desemba. Ukisubiri Februari umechelewa. Zingatia pia kwamba lazima ufike mwenyewe kutoa alama za vidole. Ukishazitoa hutumika tena kwa miezi 59.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na idumu angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa angalau euro 30,000, katika nchi zote za Schengen. Bima ya chuo mara nyingi haitoshi, au inatosha lakini cheti chake hakisemi hivyo kwa maneno yanayotakiwa. Nunua ya wiki hiyo tu, ni bei ndogo, na cheti chake kinakuja kimeandikwa kama maafisa wanavyotaka kukisoma.

Kwenye fedha, Ufaransa huhesabu euro 65 kwa siku kwa mtu mwenye uthibitisho wa hoteli. Taarifa za benki za miezi mitatu zionyeshe pesa inayoingia na kutoka kama maisha ya kawaida ya mwanafunzi. Dola elfu mbili zilizoingia juzi kutoka kwa mjomba huzua maswali. Kama mjomba ndiye anayekulipia, aandike barua na aambatishe taarifa zake mwenyewe. Si aibu, na maafisa wamezoea kuona barua hizo.

Sasa sikiliza jambo hili la hosteli, maana ndipo urafiki unapoingia kwenye faili. Mkikata kitanda kupitia akaunti ya rafiki yako, uthibitisho unatoka kwa jina lake peke yake, na wewe mbele ya afisa ni mtu asiye na pa kulala. Hakikisha majina yote mawili yanaonekana kwenye kila uthibitisho, kwa usiku wote nane, bila pengo. Chagua vyumba vinavyoweza kufutwa bila malipo, na tiketi ya ndege iwe ya kushikiliwa tu mpaka viza itoke. Andika barua fupi ya ukurasa mmoja: tunakwenda wawili, huyu ni mwanafunzi mwenzangu, njia yetu ni hii, tarehe hizi, narudi kuendelea na masomo tarehe fulani. Ambatisha nakala ya I-20 na ya viza yako ya Marekani.

Viza ikitoka, isome kabla hujaondoka dirishani. Stika ina tarehe za mwanzo na mwisho, ina idadi ya siku, na ina idadi ya kuingia. Ikiwa imeandikwa 01, ukitoka Schengen hata kwa nusu siku huwezi kuingia tena, kwa hiyo hakuna kuruka London na kurudi. Idadi ya siku huhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, zote mbili.

Na ikikataliwa? Utapewa barua yenye sababu, na una haki ya kukata rufaa. Lakini mkubaliane mapema, wewe na mwenzako, kabla hajalipia chochote: viza yako ikigoma, yeye ataenda peke yake au mtabadilisha safari? Jibu lolote kati ya hayo ni la haki. Kinachouma ni kutolizungumza.

Treni

Kuna pasi ya Eurail kwa wakazi wa nje ya Ulaya, yenye bei ya chini kwa vijana hadi miaka 27. Inafaa kwa mtu anayezunguka mwezi mzima. Kwa safari mbili za treni kama hizi, tiketi za kawaida zilizonunuliwa mapema huwa nafuu zaidi, na pasi haikuondolei kulipia nafasi ya kukaa kwenye treni za Eurostar.

Paris hadi Brussels ni kiasi cha saa moja na dakika ishirini, kutoka Gare du Nord hadi Bruxelles-Midi. Nunua mara tu viza inapotoka, kwa kuwa bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia.

Brussels hadi Berlin ni safari ya mchana mzima mkibadilisha treni katika jiji la Köln, Ujerumani. Inunue kama tiketi moja ya mwanzo hadi mwisho. Sababu ni hii: treni za Ujerumani huchelewa mara nyingi, na mkiwa na tiketi moja, kuchelewa kwa treni ya kwanza hakuwaangushi, mnaruhusiwa kupanda inayofuata. Mkifika mwisho wa safari mmechelewa saa moja au zaidi, mnaweza kudai robo ya nauli. Saa mbili au zaidi, nusu. Msizidharau hizo pesa. Acheni pia nafasi ya saa mbili Köln makusudi. Mkitoka mlango wa kituo, kanisa kuu lenye minara ya mita 157 limesimama palepale mbele yenu.

Tangu Mei 2023 kuna pia treni ya usiku ya European Sleeper kati ya Brussels na Berlin, baadhi ya siku za wiki. Ni nzuri kwa anayependa kulala njiani na kuokoa usiku wa hosteli, na tiketi yake ndiyo uthibitisho wako wa malazi ya usiku huo. Mimi nachagua mchana, kwa sababu nataka kuiona nchi dirishani.

Ndani ya treni hiyo kaa na pasipoti halisi mwilini, si nakala. Schengen haina mipaka kwenye karatasi, ila Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na polisi hupita mabehewani. Nitasema wazi: mara nyingi wataanza na wewe na kumruka mwenzako. Mwandae rafiki yako kwa hilo kabla halijatokea. Asipandishe sauti kukutetea, asifanye mzaha, akae tu pembeni yako mpaka limalizike. Wewe toa pasipoti, jibu ulichoulizwa, endelea na safari.

Pesa kati ya marafiki

Kaeni chini Januari na kila mmoja ataje kiasi anachoweza kutumia kwa siku bila kukopa. Kiasi kidogo ndicho kinachokuwa bajeti ya wote. Kitanda cha hosteli Paris mara nyingi huanzia euro 35 na kuendelea, Brussels na Berlin chini kidogo. Chakula cha duka na mkate kitawapa mchana kwa euro chache, na jioni mnakula cha moto.

Njia rahisi ya kuepuka ugomvi ni mfuko wa pamoja. Mkifika kila mji, kila mmoja anachanga kiasi sawa, na kutoka humo mnalipia usafiri, maji na chakula mnachokula pamoja. Zawadi na anasa ni za mfukoni mwa mtu. Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza dola au euro, chagua euro, maana ukichagua dola unauziwa kwa kiwango kibaya. Toa fedha taslimu kwenye mashine ya benki yenyewe, si zile zilizopachikwa maduka ya watalii. Berlin bado utakutana na sehemu zisizopokea kadi.

Jambo jingine la urafiki: kila mmoja achague kitu kimoja kwa kila mji ambacho hakijadiliwi. Akitaka kupanda Eiffel, mnapanda. Ukitaka jumba la makumbusho asubuhi nzima, mnakwenda. Na kila siku muachane kwa saa mbili hivi. Watu wawili wakilala chumba kimoja na kula meza moja kwa siku tisa, hata ndugu wa tumbo moja huchokana.

Paris, usiku nne

Machi bado ni baridi na mvua ipo, kwa hiyo koti lisilopitisha maji na viatu vilivyozoea miguu yako ni muhimu kuliko nguo za picha. Mpakani mtapita mfumo mpya wa kuandikisha wageni ulioanza Oktoba 2025: picha ya uso kwa wote, na vidole kwa mwenzako. Vyako vimo tayari kwenye mfumo wa viza.

Punguzo kubwa la makumbusho kwa walio chini ya miaka 26 ni la wakazi wa Ulaya, si lenu. Louvre tangu Januari 2026 hutoza euro 32 kwa wageni kutoka nje ya Ulaya, na Jumanne hufungwa. Ikiwa bajeti inabana, Petit Palais na Carnavalet ni majumba ya manispaa ambayo mikusanyo yao ya kudumu ni bure, na ni mazuri kwelikweli. Mkitamani chakula cha nyumbani, shukeni metro ya Château Rouge. Mihogo, ndizi za kupika, samaki mkavu na nyama halali vyote vipo hatua chache kutoka kituoni.

Mikono ya watu metroni ni myepesi. Simu isikae mfuko wa nyuma. Kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur watakuja vijana wa kukufunga uzi mkononi. Weka mikono mfukoni, sema hapana, tembea. Ukipata dharura yoyote, namba ni 112 nchi zote tatu.

Brussels, usiku mbili

Ukishuka Bruxelles-Midi usiliache begi hata kwa kusoma ramani. Kisha nendeni Matonge, mtaa wa Wakongo ulioko Ixelles, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Utasikia Kilingala zaidi, lakini ukisalimia kwa Kiswahili, mtu wa Goma, Bukavu au Lubumbashi akiwepo atageuka.

Alhamisi asubuhi pandeni tramu namba 44 kutoka Montgomery. Inapita msituni na kuishia Tervuren, kwenye jumba la makumbusho la Afrika lililofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya ukarabati wa miaka mitano. Jumatatu hufungwa. Tengeni nusu siku. Kabla ya kurudi, tembeeni hadi kanisa la Mtakatifu Yohane mjini hapo. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alileta Wakongo 267 kuonyeshwa kwa wageni wa maonyesho. Saba walifia huko, na makaburi yao yako kando ya kanisa yakiwa na majina: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Mweleze mwenzako kwa lugha yake walikuwa akina nani. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya safari hii inayostahili muda kuliko hapo.

Berlin, usiku mbili

Tiketi ya karatasi ya treni za mjini hugongwa mhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, faini ni euro 60, na kusema wewe ni mgeni hakusaidii.

Jumamosi asubuhi shukeni kituo cha Naturkundemuseum, njia ya U6, mwende jumba la makumbusho ya viumbe lenye jina hilo. Ukumbi wa kwanza wa jumba hilo umejaa kiunzi cha mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) chenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Ametoka Tendaguru, Lindi, Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wafanyakazi wa huko walichimba mifupa hiyo na kuibeba vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la kutambua mfupa ardhini ambalo Wajerumani wenyewe walilitegemea. Simama chini ya shingo ya mjusi huyo utazame juu. Jioni kuleni Kreuzberg au Neukölln, ambako chakula cha Kituruki ni kizuri, cha halali na cha bei ya mwanafunzi.

Nunueni vya njiani Jumamosi hiyohiyo, kwani Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa.

Siku ya kurudi

Pasipoti, I-20 halisi na barua ya chuo vikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe visiingie kwenye begi linalopelekwa chini ya ndege. Mtakapotua Marekani mtatenganishwa foleni, wewe ya wageni na yeye ya raia. Kubalianeni mahali pa kukutana, na asikusubiri zaidi ya muda mliopanga kama ana basi la kuwahi.

Ukishafika bwenini, ndani ya siku chache fungua tovuti ya uhamiaji na upakue I-94, yaani kumbukumbu yako mpya ya kuingia Marekani. Angalia jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia, na daraja: lazima liwe F-1. Kukiwa na kosa lolote, peleka karatasi hiyo ofisi ya wanafunzi wa kigeni wiki hiyohiyo.